Lugha Mbili za Mwaka 1993 na Hesabu ya Watu wa Buha

Nchi ya Buha imeinuka. Msafiri aondokaye Kigoma, penye joto la ziwa, hupanda kilima juu ya kilima mpaka afike Kasulu, na huko jioni hutafuta nguo nzito. Kutoka Kasulu njia huendelea kaskazini mpaka Kibondo, na mbele yake Kakonko, na muda wote huo nchi ya Burundi huwa mkono wake wa kushoto, wala si mbali. Zamani kila upande ulikuwa na mwami wake: Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu upande wa Kakonko. Kiha ni jamaa wa karibu wa Kirundi. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba aliipa Kirundi D.62 na Kiha D.66, yaani aliziweka katika nyumba moja, zikitenganishwa na majirani wachache tu.

Mwaka 1993 mambo matatu yalitokea mbali mbali, na wala hapana aliyekuwa na sababu ya kuyafikiri pamoja. Mwezi wa Julai, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, watu watatu walikamilisha lugha ndogo ya kompyuta wakaiita Lua, neno ambalo kwa Kireno ni mwezi. Mwezi wa Agosti, katika mji wa Auckland, New Zealand, waalimu wawili wa hesabu za takwimu waliwatangazia wenzao kwamba wametengeneza lugha ya kufanyia hesabu hizo, na jina lake ni R. Na usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba askari waasi wa Burundi waliyashambulia makao ya Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na raia mwezi wa Juni mwaka ule ule, wakamwua. Siku zilizofuata watu walianza kuvuka mpaka na kuingia Kibondo na Kasulu, maelfu kwa maelfu, na kila aliyevuka ilibidi aandikwe. Hesabu ya watu hao, na ya wenyeji waliowapokea, ndiyo inayoziunganisha lugha zile mbili na vilima vya Buha.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Waha hawakungoja mwaka 1993 ili kugeuzwa kuwa namba. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwatoa watu wengi katika mashamba yao yaliyotawanyika ikawakusanya katika makazi ya pamoja, kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Na mahali palipokusanywa watu, hapo karani huja na daftari. Baadaye yakaja mashamba ya mkonge. Vijana wa Kasulu na Kibondo walisafirishwa hata Tanga na Morogoro, hasa baada ya wenye mashamba kuunda chama chao cha kutafutia vibarua, SILABU, mwaka 1944. Kibarua wa namna hiyo aliitwa manamba, na neno lenyewe laonyesha asili yake: limetoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya namba. Ni maneno machache katika Kiswahili yanayosema waziwazi hivyo jinsi mtu alivyoonekana machoni mwa aliyemwandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Kigoma, na watu wakahamishwa tena, safari hii kwenda katika vijiji. Na vijiji navyo vikahesabiwa.

Basi tuiache Buha kidogo, maana lugha ya kompyuta haifahamiki sawasawa mpaka ijulikane ilizaliwa kwa haja gani.

Lua ilizaliwa kwa haja ya kuandikisha. Tangu mwaka 1977 hata 1992 serikali ya Brazil iliweka vizuizi vikali juu ya kompyuta na programu za kigeni, ili viwanda vya nyumbani vipate kukua. Matokeo yake ni kwamba kampuni ya mafuta ya Petrobras haikuweza kununua kwa wepesi vifaa ilivyovitaka, na ilikiendea chuo kikuu, mahali paitwapo Tecgraf, kuomba vitengenezwe. Wahandisi wa kampuni ile walikuwa na taabu moja ya kila siku. Programu zao za zamani zilitaka kupewa tarakimu zilizopangwa kwa mistari iliyobana, kila tarakimu mahali pake, kama desturi ya zile kadi za kutobolewa. Na akikosea mtu nafasi moja tu, hesabu yote huharibika. Tecgraf wakatunga lugha ndogo iitwayo DEL, ambayo kazi yake ilikuwa kueleza fomu: hapa patajazwa namba gani, isizidi kiasi gani, ikiwa jibu hili limetolewa basi swali lile liulizwe au liachwe. Kwa kazi nyingine ya Petrobras wakatunga lugha ya pili, SOL. Jina hilo kwa Kireno ni jua. Wenye kuzitumia walipozidi kutaka lugha hizo ziweze mambo makubwa zaidi, Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes waliona kwamba ni afadhali kuziacha zote mbili na kufanya moja. Baada ya jua, mwezi.

Kwa hiyo asili ya Lua ni meza ya karani: fomu, na namna ya kuizuia isijazwe upuuzi. Jambo hili mara nyingi husahauliwa, kwa kuwa sifa ya Lua duniani imetokana na michezo ya kompyuta, ambamo imekuwa ikifichwa ndani ya programu kubwa tangu miaka ya 1990. Lakini kufichwa huko ni tabia ya lugha yenyewe. Lua haikufanywa ili ikae peke yake. Ilifanywa ikae ndani ya kazi ya mwingine, kama mhunzi awezaye kuweka vuguto lake katika ua wa mtu yeyote.

Habari ya R ni fupi zaidi. Ross Ihaka, mtu mwenye asili ya Kimaori, na Robert Gentleman, Mkanada, walikuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Auckland, na chumba chao cha mafunzo kilikuwa na kompyuta za Macintosh ambazo hazikuwa na programu nzuri ya takwimu. Lugha waliyoipenda ilikuwa S, iliyoanzwa na John Chambers na wenzake katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1976. Walakini S ilikuwa imekwisha kuwa bidhaa ya kuuzwa. Wakaifanya ya kwao yenye kufanana nayo, wakaiita kwa herufi ya kwanza ya majina yao wawili, herufi ambayo kwa bahati husimama jirani na S. Mwaka 1995 waliitoa bure chini ya leseni ya GNU, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000, siku ambayo kalenda haina kila mwaka.

Msomaji atakuwa ameona kwamba hapana moja kati ya hizi mbili iliyozaliwa California wala Massachusetts. Zote zilitoka pembeni, kwa watu waliokosa kitu na hawakuweza kukinunua. Tena zina bibi mmoja: Scheme, lugha iliyotungwa huko Massachusetts mwaka 1975 na Gerald Sussman na Guy Steele. Kwa bibi huyo zimerithi desturi ya kuzichukulia kanuni za hesabu kuwa vitu kamili, vinavyoweza kutiwa katika kapu, kupewa programu nyingine, na kurudishwa. R ilirithi tangu utoto, Lua ikapata urithi wake kwa awamu, mpaka toleo la 5.0 la mwaka 2003. Na zote mbili huhesabu kuanzia moja. Hili laweza kuonekana dogo, lakini lugha nyingi za kompyuta huanza na sifuri, kiasi kwamba mtu wa kwanza katika orodha huitwa mtu wa sifuri. Karani wa Kibondo aandikapo daftari lake huanza na namba moja, na lugha hizi zimekubaliana naye.

Hapo ujamaa unakoma. Na ichukuliwe mfano wa kambi ya wakimbizi yenye watu 60,000, ambamo katika siku 7 wamekufa watu 42. Waganga wa kambi hupima hali kwa kuuliza ni watu wangapi wanaokufa kwa siku moja katika kila watu 10,000. Hapa jibu ni mmoja kamili, na kwa desturi ya kazi hiyo mmoja ndiyo alama ya hatari. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano alama ni wawili. Sasa kambi si moja, na juma si moja. Mbele ya mganga pana safu mbili ndefu, ya vifo na ya watu. Katika R ataandika maneno mawili tu na alama ya kugawanya kati yake, vifo / watu, na safu nzima itagawanywa kwa safu nzima, kila juma kwa juma lake. R haioni namba moja moja, huona safu. Kwake hata namba iliyo peke yake ni safu yenye urefu wa moja. Mtu akiandika vile vile katika Lua, Lua itakataa, kwa kuwa haijafundishwa maana ya kugawanya orodha kwa orodha. Itambidi aiongoze hatua kwa hatua: chukua juma la kwanza, gawanya, weka, chukua la pili. Au, akiwa stadi, aifundishe mara moja maana ya tendo hilo, kisha iwe inajua. Watungaji wa Lua wamekusudia hivyo. Wao hutoa zana, hawatoi desturi. Desturi kila mtu ajitengenezee.

Lakini wepesi huu wa R una mtego, na yapasa usemwe kwa sauti, kwa maana vitabu vingi vya kufundishia huupita harakaharaka. Ikiwa safu ya vifo ina majuma 12 na safu ya watu ina majuma 6 tu, kwa kuwa karani alisahau kuleta nusu ya pili, R haitasimama. Itairudia ile safu fupi tangu mwanzo, na kuvigawanya vifo vya juma la saba kwa watu wa juma la kwanza, bila neno lolote. Huonya tu pale urefu mmoja usipogawanyika sawasawa kwa mwingine. Lua katika hali hiyo ingefika juma la saba, ingekuta hapana kitu, na ingesimama papo hapo ikilalamika kwamba imeambiwa ifanye hesabu kwa kisichokuwapo. Hapo lugha nyepesi imekuwa na hadhari kuliko ile ya wataalamu.

Tofauti nyingine ni ya daftari. Katika R mtu akiipa orodha ya pili jina jipya kutoka katika orodha ya kwanza, kisha akaibadilisha ya pili, ya kwanza hubaki kama ilivyokuwa. Ni madaftari mawili. Katika Lua majina mawili yatakuwa yameshika daftari moja, na kalamu ya mmoja huharibu ukurasa wa mwingine. Mwenye kujua hayo huyatumia kwa faida, maana hapotezi nafasi kwa nakala. Asiyejua atatafuta kosa lake mpaka usiku.

Na sasa jambo lililo zito kuliko yote, yaani jambo la asiyejulikana.

Katika madaftari ya Buha kuna nafasi tupu nyingi. Bibi aliyevuka mpaka usiku hajui mwaka aliozaliwa. Mtoto aliyeokotwa njiani hana wa kumsemea. Hata katika sensa za kawaida za Afrika Mashariki umri wa watu hurundikana penye namba ziishiazo kwa sifuri na kwa tano, maana aulizwaye hukadiria, na mwulizaji naye amechoka. R ilirithi kutoka kwa S alama maalum ya hali hii, herufi mbili, N na A, ambazo Mswahili akiziona huzisoma kuwa ni kiungo. Alama hii si sifuri, wala si nafasi iliyosahauliwa. Ni kama kusema: mtu yupo, umri wake upo, ila haukufahamika. Nayo ina nguvu. Ukiiomba R wastani wa umri katika safu yenye NA moja tu kati ya watu elfu, itakujibu NA, yaani haujulikani. Itakulazimu uandike kwa mkono wako mwenyewe kwamba wale wasiojulikana waondolewe kabla ya kuhesabu, na maandishi hayo yatabaki katika programu, mtu wa baadaye ayaone na kuuliza ni nani aliyewaondoa, na kwa nini.

Lua haina alama hiyo. Ina neno nil, na maana ya nil ni kwamba hapana kitu. Ukiandika nil mahali pa umri wa mtoto wa tatu, hukuandika kwamba umri haujulikani, umemfuta. Tena orodha yenye tundu katikati huipoteza Lua: ikiulizwa urefu wa orodha ya watoto watano ambayo nafasi ya tatu ni tupu, yaweza kujibu tano, yaweza kujibu mbili, na kitabu chake cha kanuni chakiri kwamba majibu yote mawili ni halali. Hili si kosa la watungaji. Kwa wao orodha ni chombo cha kazi, na chombo kisichokuwamo hakimo. Walakini mtumiaji wa Lua atakaye kutunza watu asiowajua hana budi kujifanyia alama yake, na wengi hurudi katika desturi ya zamani ya makarani, ya kuandika 99 mahali pa umri usiojulikana. Tuseme watoto watano, wanne wa miaka 2, 4, 6 na 8, na mmoja asiyejulikana. Wastani wa wale wanne ni miaka 5. Ukimwandika wa tano kuwa 99, halafu akaja mwingine asiyejua siri hiyo akapiga hesabu, wastani utakuwa miaka 23.8, na watoto wamekuwa watu wazima kwa kalamu.

Ndiyo maana haishangazi kwamba wataalamu wa magonjwa ya mlipuko wameielekea R. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa Epi Info, programu iliyotolewa na kituo cha Marekani cha kudhibiti maradhi tangu mwaka 1985. Kuanzia karibu mwaka 2018 Madaktari Wasio na Mipaka, ambao mwaka 2015 walianza kuwatibu wakimbizi wa Nyarugusu na Nduta, walianza pamoja na wenzao kutengeneza mifano ya taarifa iliyoandikwa kwa R, ya kipindupindu, ya surua, na ya uchunguzi wa vifo, ili daktari aliye shambani asianze kila mara na ukurasa mtupu.

Hata hivyo R haijui historia, na namba za Kasulu na Kibondo zaonyesha hatari yake. Sensa ya Agosti 2002 iliipa Wilaya ya Kibondo watu 414,764, na Wilaya ya Kasulu watu 628,677. Sensa ya Agosti 2012 iliipa Kibondo watu 261,331. Kasulu, vijijini na mjini pamoja, 634,038. Mwanafunzi azitiaye namba hizi katika R na kuondoa moja katika nyingine atapata mara moja kwamba Kibondo ilipoteza zaidi ya theluthi ya watu wake, na kwamba Kasulu haikuongezeka hata kwa mmoja katika mia. Atachora picha nzuri sana. Na yote ni uwongo, kwa kuwa kati ya sensa hizo mbili wilaya ziligawanywa. Kakonko ilikatwa kutoka Kibondo, ikiwa na watu 167,555, na Buhigwe ilikatwa kutoka Kasulu, ikiwa na watu 254,342. Ukiwarudisha watu hao mahali walipotoka, Kibondo ya zamani inakuwa na watu 428,886, na Kasulu ya zamani 888,380. (Mzee wa Kiha hangestaajabu kwa mgawanyo huo wa kwanza. Angesema Muhambwe na Buyungu zimeachana tena, kama zilivyokuwa chini ya mamwami.)

Sasa hesabu ni ya kweli zaidi, lakini imezaa swali jipya. Kasulu ya zamani iliongezeka kwa zaidi ya 41 katika mia, na Kibondo ya zamani kwa 3 na kidogo tu. Nchi ni moja, mvua ni moja, watu ni jamaa, mbona hivi? Jibu haliko katika safu. Sensa ya Tanzania huwahesabu walioulala nchini usiku wa sensa, na mwaka 2002 Kibondo ilikuwa imejaa kambi: Mtendeli, Nduta, Kanembwa, Karago, Mkugwa. Kufikia mwaka 2010 kambi hizo zilikuwa zimefungwa moja baada ya moja, na Warundi wengi walikuwa wamerudi kwao. Huko Kasulu kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilikuwa ingali wazi. R itamtendea haki mtu yule tu ajuaye haya na kumwongezea safu nyingine, ya wageni na wenyeji. Bila ya safu hiyo lugha bora ya takwimu duniani itahesabu kurudi kwa wakimbizi kuwa ni uzazi mdogo wa Wamuhambwe.

Lua nayo imeifikia Buha kwa mlango wake wa kawaida, yaani mlango wa nyuma. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzwa mwaka 2004 na kuchorwa na watu wanaojitolea, imechora barabara, mito na paa za nyumba za Kasulu na Kibondo kwa kufuata picha zilizopigwa kutoka angani. Programu izichukuayo habari hizo na kuzitia katika ghala ya ramani huongozwa na faili ya Lua, inayoamua lipi ni barabara na lipi ni njia ya ng'ombe. Programu nyingine, OSRM, hutafuta njia ya gari kutoka mahali hadi mahali, na hukumu yake yote imo katika faili ya Lua: barabara kuu, mwendo kadha, barabara ya changarawe, mwendo kadha, ya udongo, pungufu. Mwendo huo umekadiriwa kwanza na watu wa Ulaya. Barabara ya Kasulu mpaka Kibondo kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, na dereva wa lori aliyeipita mwezi wa Machi alijua kwamba saa za kiangazi hazina maana wakati wa masika. Faili hiyo ni ya maandishi ya kawaida. Mtu wa Kasulu mwenye kuijua nchi yake aweza kuifungua, akabadilisha namba moja, na magari yote yatakayouliza njia kwa programu hiyo yatapata jibu lingine. Hahitaji ruhusa ya Rio. Kadhalika tangu mwaka 2013 vigezo vya Wikipedia, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, vyaweza kuandikwa kwa Lua, kwa hiyo hata jedwali lisomwalo na mwanafunzi juu ya kata za wilaya yake laweza kuwa limepangwa nayo bila yeye kujua.

Kwa ukubwa hazilinganiki. Programu nzima ya Lua, pamoja na maktaba yake, haifiki kilobaiti 300. Yaweza kuingia katika simu kuukuu au katika kifaa kidogo cha kupimia maji. R huchukua mamia ya megabaiti kabla hujaongeza chochote, na vifurushi vilivyotungwa na watu wengine kwa ajili yake vimepita 20,000, hata mtaalamu mwenyewe hawezi kuvimaliza. Tena huzitunza hesabu zake katika kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta dhaifu huchoka mapema. Maneno ya amri ni ya Kiingereza katika zote mbili. Kwa R si ajabu. Lakini watu wa Rio, waliokuwa wakizungumza Kireno mchana kutwa, nao walichagua Kiingereza, na hilo ni jambo la kutazamwa na wale wasemao kwamba sayansi itafundishwa kwa Kiswahili siku lugha ya kompyuta itakapotungwa hapa kwetu. Majina ya safu, hata hivyo, ni hiari ya mwandishi, na vifo na watu hufahamika kwa R sawasawa na majina ya kigeni.

Ikiwa ni kuchagua lugha ya kuanzia katika shule ya Kasulu, Lua yastahili kutangulia. Kitabu chake cha kanuni chaweza kusomwa chote na kijana mmoja katika likizo moja, na akikimaliza hakuna kilichofichwa. Ataijua kama fundi baiskeli aijuavyo baiskeli. R haijulikani hivyo na mtu yeyote. Lakini daftari la watu lisiwekwe katika Lua mpaka kijana huyo awe amefundishwa tofauti ya asiyekuwapo na asiyejulikana, na somo hilo atalipata kwa R upesi kuliko kwa mwalimu.

Limebaki jambo la Mtabila. Kambi hiyo ya Warundi ilikuwa katika Wilaya ya Kasulu, na ilifungwa mwezi wa Desemba 2012, miezi minne baada ya sensa. Waliokuwamo walirudishwa Burundi kwa magari kabla ya mwaka kwisha. Miaka miwili na miezi michache baadaye, Aprili 2015, Burundi ikachafuka tena, na watu wakaja kwa njia ya ziwa, kutoka Kagunga kwa meli ya Liemba mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma kwa mabasi mpaka Nyarugusu. Mwezi wa Oktoba kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Mahali pa Mtabila pamekuwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Katika safu ya mwaka 2012, penye jina la Kasulu vijijini, pameandikwa 425,794, namba iliyo kamili, isiyo na NA.